Chupa ina kazi ya pili, sasheti haina
Maneno ya komite katika mkutano wa wanachama, Kiringye

 

Leo hatuanzi na mchango. Tunaanza na takataka.

Wazee wanajua kwamba huku uwandani kulikuwa treni. Wakati wa Wabelgiji reli ilitoka Uvira, ikafuata bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola. Uhuru wa 1960 ulikuta imekwisha kufungwa. Lakini popote reli ilipopita katika Afrika yetu, chuma chake hakikuitwa takataka. Kipande kimoja ni kengele ya shule, kingine ni fuawe la mhunzi, kingine ni nguzo. Treni inakufa, vitu vyake vinaendelea kufanya kazi.

Sisi tuliokimbilia Tanzania tuliiona treni nyingine, ile ya Dar es Salaam mpaka Kigoma, iliyofika ziwani mwaka 1914. Abiria anamaliza maji, anatupa chupa dirishani, watoto wanakimbia kuiokota. Kesho chupa ile ile inarudi dirishani na asali ndani, inauzwa. Lakini sasheti hakuna anayeikimbilia. Inabaki pembeni ya njia, mvua inaisukuma mahali maji yanapopita chini ya reli. Pakizibwa, maji yanakula udongo, na treni inasimama kwa wote, hata kwa yule ambaye hakutupa kitu.

Mfereji wetu wa mpunga ni vile vile. Uchafu wa juu ni shida ya chini.

Na hapa tuseme ukweli. Siku tulipowapokea wenzetu waliorudi kutoka Burundi, tulikunywa maji ya sasheti, tukaimba, tukaenda nyumbani. Sasheti zetu zilifunga mlango wa mfereji. Kitalu cha mama mmoja, mwanachama mwenzetu, kilikauka. Alikuja kwa komite akasema: "Ile sasheti munatupa ku mfereji, miye njo naitosha na mikono." Hatukuwa na jibu. Mbegu tulimlipa kwa mfuko wetu, yaani michango yenu. Pesa ile ingemsaidia mgonjwa.

Tusiseme ni jambo dogo la kijiji. Kule Bukavu, plastiki ya Ziwa Kivu inasongamana ku barrage ya Ruzizi, mashine zinasimama, umeme unakatika. Na ya kwetu inateremka mpaka Tanganyika, ambako tunatoa ndagala.

Basi tumekata hivi:

Moja, mkutano wetu hautanunua tena maji ya sasheti. Tutaleta bidoni na vikombe.

Mbili, chupa nzima zitaoshwa na kuuzwa kwa wamama wa mawese. Faida inaingia mfukoni. Chupa ya dawa ya shamba hapana, hata ukiiosha mara kumi. Ile ni sumu.

Tatu, maganda ya mihogo, majani ya ndizi na makapi ya mpunga yaende shimoni, yawe mbolea.

Ine, tusichome plastiki karibu na nyumba. Moshi wake unaumiza vifua vya watoto.

Kwenu wafadhili: mkituma msaada, msiufunge kila kitu kidogo ndani ya plastiki yake. Mfuko mmoja mkubwa unatosha, na tutautumia tena. Na kama mnauliza tunahitaji nini, ni makoleo na bidoni za maji.

Wanachama, tulirudi hapa tukiwa na mikono mitupu, na udongo huu ndio unatulisha. Jumamosi kengele ikilia asubuhi, ni salongo ya mfereji. Komite itaingia majini ya kwanza, maana deni lile ni letu.