Safari ya Nairobi: kazi tuliyoenda kufanya, kosa tulilofanya, na hesabu yake

(Maneno tuliyotoa mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Baraka, Desemba 2023. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.)



Tuanze na maneno yanayotembea sokoni. Tangu tulirudi tunasikia: "Wale walienda kula makuta ya chama Nairobi." Wengine wamefikisha hata hesabu, dola elfu mbili. Hatukasiriki. Mtu aliyepunguziwa posho kambini mara nyingi, bila kuambiwa sababu, ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo leo hatukuja na picha za hoteli. Tumekuja na risiti. Na kuna habari moja isiyo nzuri, juu ya mabati, ambayo tunataka muisikie hapa kutoka kwetu, si barabarani.

Tulikuwa watu wanne: sisi wawili tunaofanya kazi vijijini kwa shirika, mama kiongozi wa kikundi cha sabuni, na mzee katibu. Kampuni moja ya Nairobi ina desturi ya kukusanya wafanyakazi wake siku moja kila mwaka ndani ya hoteli. Mwaka huu walituomba tuendeshe ile siku sisi: kupanga ukumbi, meza za maonyesho, picha ukutani, maneno ya kusema, yote juu ya maisha ya watu waliorudi Fizi kutoka Tanzania. Ndege na hoteli walilipa wao. Tulikubali mbio mbio, kwa sababu kwenye barua yao ya kwanza walikuwa wameuliza bati moja linauzwa bei gani huku kwetu.

Watu wengi walitwambia safari ya Kenya imekuwa rahisi, kwani tangu tarehe 1 Septemba 2023 Mkongomani haombi tena viza kule. Ni kweli, viza imeondoka. Pasi haijaondoka. Mama na mzee hawakuwa nayo, na pasi moja wakati ule ilikuwa dola 99. Ongeza picha, karatasi, na kwenda na kurudi kuifuata. Karti ya njano ya chanjo walikuwa nayo tayari, Mungu alisaidia.

Tulitoka Baraka saa tisa ya usiku, mwezi wa kumi na moja, na ninyi wenyewe mnajua ile barabara wakati wa mvua. Kufika Uvira ni karibu kilomita 90 tu. Tulitumia saa tisa. Kati ya Mboko na Makobola gari lilizama hadi kwenye mlango, tukashuka wote kusukuma, mama pia, kartoni ya sabuni ikiwa kichwani kwake kwa sababu alikataa kuiacha ndani. Mle mlikuwa vipande 120 vya sabuni ya mawese, kazi ya kikundi chote kwa wiki mbili. Kutoka Uvira tukavuka Kavimvira, tukapita Gatumba, tukaingia Bujumbura jioni tukiwa na matope mpaka magotini. Tulilala kwa ndugu wa mzee, watu wanne kwenye sebule moja. Hiyo ndiyo sababu kwenye hesabu hamtaona lojmeni ya Bujumbura.

Kesho yake kwenye uwanja wa ndege kartoni ikapimwa. Ilizidisha kilo. Tulilipa dola 50. Mzee akaangalia ile risiti muda mrefu, halafu akasema: "Lakini sabuni yenyewe yote haifiki hata dola therathini." Ni kweli. Tungeweza kuiacha. Hakuna aliyethubutu kumwambia mama.

Nairobi tuliingia usiku, mvua inanyesha, magari yamesimama barabarani kama ng'ombe kwenye mto. Hotelini tulifika saa sita. Halafu ni baridi, wapendwa. Ule mji uko juu sana kuliko ziwa letu. Mama alilala na kitenge mbili na koti la mzee. Sisi wawili hatukulala, kwa sababu ukumbi ulitakiwa uwe tayari asubuhi. Tukafungua ordinateri, tukatoa mashine ya picha, kumbe matundu ya umeme ya Kenya ni ya meno matatu ya pembe nne, na yetu ni ya meno mawili ya mviringo. Kijana mlinzi wa hoteli ndiye alitutafutia pikipiki, tukazunguka usiku ule kutafuta duka lenye kuuza vichwa vya kubadilishia. Tulimaliza kubandika picha saa tisa. Tukatega saa ya simu tuamke saa kumi na mbili.

Tuliamka saa kumi na tatu, kama ingekuwepo. Simu yetu ile ndogo na saa ya mkono ya mzee zilikuwa bado zinahesabu saa ya Baraka, na Nairobi iko mbele kwa saa moja. Wakati tunashuka ngazi tukifunga vifungo vya shati, mkubwa wa kampuni alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi tayari, mikono kifuani. Aibu ile bado tunayo.

Sasa tufike kwenye kosa lenyewe.

Katikati ya ukumbi walikuwa wamesimamisha hema. Turubai nyeupe, kamba, mawe matatu ya jiko, sufuria tupu, na kibao cha mstari wa posho. Wafanyakazi wao wangepanga foleni, wapewe kikombe cha unga, waingie ndani, wakae dakika kumi wasikie namna mkimbizi anaishi. Na mama yetu angekaa mbele ya sufuria, awaeleze usiku aliovuka ziwa. Hawakututegea mtego. Yote yaliandikwa kwenye barua ya mwezi wa tisa. Waliandika hata kwamba machozi yakija, si mbaya, watu wataguswa. Sisi tulijibu: sawa. Hatukumuuliza mama. Tulimwambia tu kwamba ataeleza kidogo juu ya maisha yake.

Mama aliingia, akaona lile hema, akasimama. Ninyi mnamjua. Alikimbia mwaka 1996 akiwa msichana, akakaa Lugufu mpaka ilipofungwa mwaka 2009, akahamishiwa Nyarugusu, na alirudi huku mwenyewe na watoto mwaka 2014. Akatuuliza kwa sauti ndogo: "Hii ni yangu?" Hatukujibu. Akasema: "Miye siingii mule. Nimelala ndani ya ile kitu miaka kumi na nane. Leo munirudishe juu ya picha? Munipatie meza, niuze sabuni yangu."

Hapo tulikuwa na dakika chache. Mmoja wetu alianza kumbembeleza, tunasema ukweli, kwa kuwa kichwani tulikuwa na mabati. Tulimwambia ni dakika kumi tu, mama, kwa ajili ya wale wa kwenye turubai. Mzee ndiye aliyetukata. Alichukua meza moja ya chai, akaitandika kitambaa, akapanga sabuni, na pembeni akaweka registri ya AVEC ya kikundi, ambayo mama alikuwa ameificha kwenye mkoba bila kutwambia. Hema likabaki pale katikati, tupu. Mkubwa wa kampuni hakufurahi, na hatumlaumu, tulimwahidi kitu kingine.

Watu wakaanza kuingia, karibu mia moja. Wengine walipiga picha na hema, wakapita. Lakini mezani kwa mama kulijaa. Kwanza walicheka Kiswahili chetu, na sisi tukacheka chao. Mama aliposoma kwenye registri kwamba mwanamke fulani alikopa afanye biashara ya ndakala, wakauliza ndakala ni nini, akawaonyesha kwa kidole urefu wake, wakapiga kelele: "Omena!" Si samaki yule yule, omena ni wa ziwa lao, lakini tuliacha hivyo.

Halafu mama mmoja wa idara yao ya hesabu akauliza swali la mtu anayejua: "Kasha lenu linafungwaje?" Mama akamweleza: kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na anayeweka kasha nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Kila mkutano pesa inahesabiwa mbele ya wote. Faini ya kuchelewa inaandikwa. Anayekopa analeta mdhamini. Yule mama wa hesabu akageukia wenzake akasema, wasikilizeni hawa, ninyi chama chenu kilikufa kwa sababu mweka hazina alikuwa na kila kitu kwenye simu yake. Wote wakaangua kicheko. Kumbe Nairobi karibu kila mtu wa ofisi yuko ndani ya chama fulani cha kuchanga, kama likelemba yetu. Tulikuwa tumesafiri siku mbili kuwaonyesha watu shida ambayo hawaijui, na wao wakashika kitu wanachokijua. Maswali yaliendelea mpaka chakula kikapoa. Maneno yetu sisi, yale tuliyoyatayarisha kwa wiki tatu na picha za ukutani, walisikiliza kwa heshima tu. Sabuni iliisha yote.

Jioni tukakaa na wakubwa. Na hapa ndipo habari isiyo nzuri. Mabati hayatakuja mwaka huu. Walitwambia wazi kwamba pesa ya ujenzi imepelekwa mahali pengine, na kwamba hata kabla hatujapanda ndege uamuzi ulikuwa karibu umefanywa. Walichokubali ni kulipia makasha matatu mapya ya AVEC, na kufuli zake, registri, mihuri, na mshahara wa mwalimu mmoja kwa mwaka mmoja. Ndani ya kasha hawatatia pesa, na sisi tunakubaliana nao: tumeona vikundi ambavyo pesa ya nje iliingia, watu wakaacha kuchanga, wakakopa kama ya serikali, hawakurudisha. Lakini kasha haliezeki nyumba.

Mwezi wa tisa tulipita kwenye nyumba 40 za watu wanaolala chini ya turubai, tukaandika majina. Hatukusema "tutawapa." Tuliandika tu. Lakini sisi tulijua, na ninyi mlijua, kwamba mtu anayenyeshewa akiandikwa jina amekwisha kuahidiwa. Baadhi yenu mko hapa leo. Mama wa watoto watano aliyeuza mbuzi akanunua miti ya kuezekea akisubiri bati, yuko hapa. Tunawaomba msamaha, na tutapita nyumba kwa nyumba kuanzia kesho kutwa kusema hivyo hivyo, bila ninyi kutufuata. Majina hatutayafuta. Tutayapeleka pengine, lakini kuanzia sasa hatuandiki jina jipya bila pesa kuwa mkononi.

Kurudi hatutaeleza sana. Mzee alishikwa na homa Bujumbura, akaumwa wiki nzima. Barabara ilikuwa ile ile.

Sasa hesabu. Chama kilitoa dola 450. Pasi mbili, 198. Picha, karatasi na kuzifuata, 46. Nauli ya mama na mzee kutoka Baraka hadi Bujumbura, kwenda na kurudi, 92. Sisi wawili nauli yetu ililipwa na shirika. Kilo za sabuni, 50. Vichwa vya umeme, 9. Chakula njiani, 21. Pikipiki ya usiku ule Nairobi, 14, na hiyo haina risiti, dereva hakuwa na karatasi. Jumla ni 430. Dola 20 zimerudi kwa mama mweka hazina. Pesa ya sabuni iliyouzwa haimo humu, ni ya kikundi, mama ameipeleka yote kwao. Tiketi nne za ndege zilizolipwa na kampuni zilipita dola elfu moja na mia tano. Hiyo haikutoka kwenu, lakini tunaisema, kwa sababu mama mwenyewe alipiga hesabu ndani ya ndege ni nyumba ngapi zingeezekwa, na hatukuwa na jibu la kumpa. Mfadhili anayesoma hapa, labda wewe unalo. Mwaka ujao ukitaka kutuona, njoo Baraka, mtu mmoja anagharimu kidogo kuliko wanne, na barabara utaiona mwenyewe.

Zile dola 14 za pikipiki tumeamua sisi wawili kuzilipa kutoka mfukoni, tayari ziko mezani.

Tunaleta na pendekezo moja, mlipigie kura leo: mtu yeyote wa shirika akitaka kuonyesha maisha ya mwanachama, kwa picha au kwa mdomo, hapa au ng'ambo, amuulize kwanza mwenyewe mbele ya kamati, na jibu liandikwe kwenye registri. Mama wa sabuni ameomba iongezwe kwamba mtu anaweza kubadili mawazo hata akiwa amefika mlangoni.

Makasha matatu yatafika mwezi wa pili. Vikundi vinavyotaka viandike barua kwa kamati kabla ya tarehe 20 Januari. Mwenye kutaka kuona risiti, ziko kwa mama mweka hazina kila siku ya soko, asubuhi. Maswali sasa. Tuanze na wale wa nyumba 40.