Zahanati Ina Mlinzi, Tabibu Hana Pa Kulala

(Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye mkutano wa mwaka wa wanachama waishio Dar es Salaam, Desemba 2019)



Kila mwaka Kamati ya Fedha husimama hapa kusoma mapato na matumizi, na kila mwaka tukifika ukurasa wa pili tunaona simu zimeshatoka mifukoni. Safari hii jedwali limechapwa kurasa za nyuma za kijitabu hiki, mtalisoma kwa nafasi yenu. Dakika tulizopewa tunaomba tuzitumie kuzungumzia zahanati ya kijijini kwetu, kwa sababu kuna kosa la mahesabu pale, na kosa hilo ni letu.

Wengi wetu kwenye kamati hii tumezaliwa miaka ya sabini. Tulipimwa uzito pale pale, kwenye mzani uliotundikwa tawi la mparachichi. Hiyo ndiyo miaka ambayo Serikali, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa inaelekeza nguvu za afya vijijini, na kwetu Upareni jambo la namna hiyo lilikuwa na njia yake: msaragambo. Baba zetu walipandisha mawe kutoka mtoni, mama zetu wakabeba maji na mchanga kichwani. Likasimama jengo la vyumba vitatu. Kimoja cha kutibia, kimoja cha dawa, na cha tatu akalala bwana mganga mwenyewe. Ukiumwa usiku, baba anakubeba mgongoni, anagonga dirisha, taa ya chemli inawashwa. Sindano zilichemshwa kwenye sufuria, na ile harufu ya spiriti peke yake ilitosha kutufanya tupone njiani.

Dawa zilikuwa na misimu yake. Mwanzoni mwa miaka ya themanini ziliadimika kabisa. Ndipo ukaja mpango wa dawa muhimu wa mwaka 1983, uliosaidiwa na Denmark, wa masanduku yaliyofungwa tayari kwa ajili ya zahanati na vituo vya afya. Sisi watoto tuligombea maboksi matupu. Miaka ya tisini ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, na wazee wanakumbuka kunung'unika kwake.

Katikati ya hayo yote kliniki ya mama na mtoto ikakua, nafasi haikutosha, na kile chumba cha tatu kikageuzwa cha kujifungulia. Uamuzi ulikuwa sahihi. Ila hakuna aliyeuliza bwana mganga atalala wapi. Bahati nzuri alikuwa ameoa hapo hapo kijijini, akahamia kwa wakwe zake, mambo yakaendelea. Alipostaafu ndipo tukagundua kwamba kwa miaka yote zahanati yetu ilikuwa ikiendeshwa kwa hisani ya wakwe wa mtu.

Leo yupo tabibu mmoja, mwanamke kijana, na mhudumu wa afya mmoja. Muuguzi aliyekuwepo alimfuata mumewe mwaka jana na nafasi yake haijajazwa. Hao wawili wanapima malaria kwa kipimo cha haraka, wanafunga vidonda, wanapima wajawazito, wanachanja watoto wetu tangu wanapozaliwa hadi miezi 18, na tangu mwaka jana wanachanja pia wasichana wa miaka 14 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Wanalinda jokofu la chanjo lisishuke chini ya nyuzi 2 wala kupanda juu ya 8, hata umeme ukikatika. Na jioni tabibu anajaza vitabu. Sisi tunaoishi kwa vitabu tuliviona vitabu vyake mwezi wa sita, na tunasema wazi: ofisi kadhaa za hapa mjini zingeona aibu.

Lakini hayo ni ya kwenye ripoti. Anachofanya hasa ni kutujua. Anajua mzee yupi anameza dawa ya presha siku anayojisikia vibaya tu. Anajua nyumba ipi ina sukari kwa mama na kwa binti. Mwezi wa nane mmoja wetu alipigiwa simu akiwa kikaoni: "Kaka, shikamoo. Mama hajaja kuchukua dawa wiki mbili, naomba umwulize kulikoni." Mama alikuwa amemaliza dawa na hakutaka kutusumbua. Wenzetu wenye fedha huku mjini wana daktari wa familia. Sisi tunaye huko mlimani, kwa wazazi wetu, na wengi wetu hatujui hata jina lake.

Tabibu huyu amepanga chumba kule chini madukani, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Usiku zahanati ina mlinzi na kufuli. Wakati wa mvua za Aprili, mke wa mdogo wetu mmoja alishikwa na uchungu saa nane usiku. Bodaboda ilikwama kwenye tope. Mlinzi alipiga simu, tabibu akatoka na tochi kwa miguu, na alipofika alfajiri mtoto alikuwa ameshazaliwa kwenye baraza ya zahanati, mikononi mwa bibi jirani, chini ya kibao kipya tulichokilipia sisi. Mtoto ni mzima. Mama alivuja damu nyingi, akapelekwa hospitali kwa gari la kukodi. Amepona.

Sasa tuje kwenye vitabu. Kwa miaka minne chama hiki kimechangia zahanati bila kukosa, na fedha zote zina risiti. Tulinunua rangi, geti, kibao, mabenchi, na runinga ya wagonjwa wanaosubiri, ambayo tuliikuta imefunikwa kitambaa. Kila kitu kinachopigwa picha. Nyuma ya zahanati zimesimama kuta za nyumba ya mtumishi, wananchi walizifikisha kwenye lenta kwa msaragambo tangu mwaka 2015, wakatuandikia barua kuomba mabati. Barua tunayo kwenye faili. Tuliiweka "mwakani" mara nne. Ukaguzi hauwezi kulikamata kosa kama hilo, kwa hiyo tunalisema wenyewe.

Tabibu ameomba uhamisho. Hatumlaumu. Ameongea na mwenyekiti wa kijiji kwamba nyumba ikipata paa atasubiri aone.

Kinachotakiwa ni mabati 96, mbao za paa, milango 6, madirisha na mifuko 110 ya saruji. Kijiji kitatoa mafundi wasaidizi, mchanga na chakula cha mafundi. Bei za vifaa tulizozipata Mwanga mjini ziko ukurasa wa mwisho. Atakayepata nafuu mahali pengine atuambie leo. Kuanzia kesho kamati haitapokea ombi la kitu kingine cha zahanati hadi nyumba iezekwe.

Jambo dogo la pili. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ni shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Ni 5,000 kwa mtu, haifiki shilingi 14 kwa siku. Kabla hujapanda basi la sikukuu, hakikisha kaya ya nyumbani kwenu ina kadi.

Paa linatakiwa liwe juu kabla ya mvua za masika. Mweka Hazina amekaa meza ya mlangoni, kushoto, ana kitabu cha risiti. Ahadi zitaandikwa kwenye daftari jekundu, na tarehe ya mwisho ya kulipa ni 31 Januari.