Mfunze Mbwa Mkubwa Angali Mdogo

Mazungumzo yafuatayo yalitayarishwa na Idara ya Mifugo ya kaunti kwa ajili ya wakazi wanaoleta mbwa wao kupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.

Daktari wa mifugo anapoendelea kuandaa sindano, ni vyema tuzungumzie jambo moja ambalo sindano haiwezi kulifanya. Chanjo humkinga mbwa na kichaa, lakini haimfundishi adabu. Kazi hiyo ni ya mwenye mbwa, na kwa mbwa wa aina kubwa haingojei.

Chukua mfano wa boma la kawaida. Baba ananunua mtoto wa mbwa wa aina ya German Shepherd, wa miezi miwili, wa kulinda nyumba. Anapewa jina la Simba. Ana kilo sita au saba, na watoto wanambeba mikononi kama paka. Mgeni akija, Simba anamrukia magotini, na watu wote wanacheka. Akiuma vidole vya mtoto, inasemekana anacheza. Akifungwa kamba anavuta, na anayemshika anamfuata popote anapotaka kwenda.

Miezi sita au saba inapita. Simba sasa amepita kilo 20 na bado anakua, kwani dume la aina yake likikomaa huwa na kilo 30 hadi 40. Rottweiler na Boerboel huweza kupita kilo 50. Simba anamrukia nyanya aliyetoka sokoni, na nyanya anaanguka. Msichana wa darasa la nne anamtoa kwa kamba, Simba anaona mbuzi ng'ambo ya barabara, na msichana anakokotwa hadi katikati ya njia ya bodaboda. Jioni hiyo baba anasema mbwa ameharibika, naye anafungwa mnyororo kwenye mti.

Ukweli ni kwamba Simba hakuharibika. Anafanya yale yale aliyokuwa akifanya alipokuwa na kilo saba, yale yale yaliyochekewa. Kilichobadilika ni uzito wake. Ndiyo maana wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Je, mbwa mwenye adabu atalinda?

Wakazi wengi huogopa kwamba mbwa akifunzwa atakuwa laini, na mwizi atapita. Kwa hiyo humfungia kibandani mchana kutwa ili usiku awe mkali. Mbwa wa namna hiyo hubweka sana, lakini mara nyingi ubweko wake ni wa hofu. Hajui tofauti ya mwizi na mtoto wa jirani aliyetumwa maziwa. Siku kufuli ikisahaulika, hataanza na mwizi. Ataanza na aliye karibu.

Mlinzi mzuri ni yule anayejua mambo ya kawaida ya boma lake, kwa sababu ndiye atakayetambua lisilo la kawaida. Elimu hiyo huingia kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya tatu na wiki ya 14 hivi ya maisha yake. Katika kipindi hicho, mtoto wa mbwa anapaswa kuona kwa utulivu wazee wenye bakora, watoto wenye sare za shule, watu wenye miavuli, pikipiki, mikokoteni, ng'ombe na kuku. Asiachwe na mama yake kabla ya kufikisha wiki nane, kwani mama na ndugu zake ndio wanaomfunza kwanza kutouma kwa nguvu.

Hapa ipo hatari moja ya kuangaliwa. Mtoto wa mbwa ambaye hajakamilisha chanjo anaweza kuambukizwa pavo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua haraka. Chanjo zake huanza akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu. Kabla ya hapo asishushwe sokoni, kichinjioni wala mahali wanapozurura mbwa wasiojulikana. Abebwe mikononi, au akae na mwenyewe ndani ya lango akitazama wapita njia. Macho na masikio yake yatajifunza hata kama miguu haijagusa barabara.

Kamba na hatua za kwanza

Vifaa ni viwili tu: ukanda mwepesi wa shingoni na kamba laini ya urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Vyote hupatikana katika maduka ya agroveti. Ukanda ufungwe kiasi cha kuingiza vidole viwili kati yake na shingo, na ukaguliwe kila wiki kwa sababu shingo ya mbwa huyu hunenepa haraka. Mnyororo mzito haufai kwa shingo changa, na waya haufai kwa mbwa yeyote.

Siku za kwanza avae ukanda peke yake ndani ya boma. Atajikuna na kujibingirisha, na baada ya siku mbili tatu atausahau. Kisha afungwe kamba na kuachwa aiburute kwa dakika chache huku mtu akimwangalia, isije ikanasa mahali. Akishaizoea, mwenye mbwa ashike ncha ya kamba na kumfuata kwanza, bila kumvuta.

Hatua inayofuata ni kumfunza kutembea ubavuni. Mwenye mbwa awe na vipande vidogo vya maini au mapafu yaliyochemshwa, visivyozidi punje ya mahindi. Apige hatua mbili, na mbwa akiwa sambamba na mguu wake, kamba ikiwa imelegea, amsifu na kumpa kipande pale pale kando ya paja. Kesho hatua ziwe tano, kesho kutwa kumi. Chakula hicho kitolewe kwenye kipimo chake cha siku. Vitunguu, chokoleti na mifupa iliyopikwa asipewe.

Na akivuta? Hapa ndipo penye somo lote. Mbwa huvuta kamba kwa sababu kuvuta kunamfaidi: alivuta kuelekea kichakani, akafika kichakani. Kila hatua inayopigwa kamba ikiwa imekazwa ni darasa la kuvuta. Kwa hiyo kamba inapokaza, mwenye mbwa asimame kama mti. Asimvute, asimpigie kelele. Mbwa atageuka kuona kuna nini, kamba italegea, na hapo hapo asifiwe, na safari iendelee. Akivuta tena, asimame tena, au ageuke aende upande mwingine. Siku ya kwanza huenda dakika kumi zikaisha kabla ya kutoka nje ya lango. Hiyo si kupoteza muda. Ni afadhali kusimama mara 30 na mbwa wa kilo tisa kuliko kukokotwa mara moja na mbwa wa kilo 40.

Mafunzo yawe mafupi: dakika tano, mara tatu kwa siku, wakati wa ubaridi na kabla ya mlo. Yaanzie ndani ya boma, kisha njia tulivu, na mwisho barabara yenye watu. Barabarani, mbwa awe upande usio na magari. Wale wanaomkimbiza mbwa nyuma ya baiskeli au pikipiki ili apate nguvu wanaombwa wasubiri. Mifupa ya mbwa wa aina kubwa haikomai kabla ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, na viungo vikiumia mapema humtesa maisha yake yote.

Adabu za nyumbani

Ya kwanza ni kuketi. Kipande cha chakula kikiinuliwa juu ya pua yake na kusogezwa nyuma kidogo, kichwa hupanda na makalio hushuka. Yakigusa chini, apewe. Akishaelewa, ndipo neno "keti" litamkwe, mara moja tu. Anayeambiwa "keti" mara kumi hujifunza kwamba mara tisa za kwanza hazina maana.

Ya pili ni kutorukia watu. Akiruka, anayerukiwa akunje mikono na kumpa mgongo bila neno. Miguu yote minne ikiwa chini, asalimiwe. Wageni nao waambiwe vivyo hivyo. Ikumbukwe pia kwamba kuna majirani ambao kwa sababu ya dini yao hawapendi kuguswa na mate ya mbwa, na wengine walishawahi kuumwa. Heshima kwao ni sehemu ya adabu ya mwenye mbwa mwenyewe.

Ya tatu ni meno. Kati ya miezi mitatu na sita hivi mtoto wa mbwa hubadilisha meno, na fizi humwasha. Akiuma mkono, mchezo ukome na mtu aondoke kwa muda mfupi. Apewe kipande cha kamba nene kilichofungwa fundo atafune akiwa anaangaliwa. Asipewe kiatu kikuukuu, kwa sababu hatajua kukitofautisha na kiatu cha shule.

Ya nne ni chakula. Wapo wanaomnyang'anya mbwa bakuli ili kumwonyesha nani mkubwa. Hilo humfunza kulinda chakula kwa meno. Afadhali mtu mzima apite karibu na kuongeza kipande kitamu katika bakuli, ili mbwa ajue kwamba mkono unaokaribia unaleta, hauchukui. Watoto wasimsogelee mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto.

Ya tano ni lango. Lisifunguliwe kabla mbwa hajaketi. Asubuhi, watoto wanapopita kwenda shule, adabu hii moja yaweza kuokoa mguu wa mtu.

Ya sita ni kuja anapoitwa. Akija, hata kama amechelewa na hata kama amekula kuku, asipigwe. Mbwa anayeitwa kisha akapigwa hujifunza kukimbia akisikia jina lake.

Familia nzima ikubaliane maneno. Katika boma moja, baba husema "keti", watoto "sit", na mlinzi "kaa chini". Mbwa hasikii amri moja. Anasikia kelele tatu. Maneno matano yanatosha: keti, njoo, acha, ngoja, twende. Yaandikwe ukutani jikoni, na kila mtu, akiwemo msaidizi wa nyumbani na mlinzi, ayatumie hayo hayo.

Fimbo haifundishi

Kumpiga mtoto wa mbwa, au kumsugua pua kwenye mkojo wake, kunamfunza kuogopa mikono. Mbwa mwoga mwenye kilo 40 ni hatari kuliko mbwa mkali. Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakataza kuwapiga na kuwatesa wanyama. Mbwa anayefungwa mnyororo mchana na usiku naye huwa na hasira ya kifungo, na watoto ndio huilipia.

Ikitokea ameuma

Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisitiwe pilipili, mafuta wala udongo. Mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo, hata kama jeraha ni dogo, na afisa wa mifugo ajulishwe ili mbwa achunguzwe. Watoto wafunzwe kutokimbia mbele ya mbwa wasiyemjua, bali kusimama tuli, mikono chini, bila kumkazia macho.

Mwaka wa 2014 Kenya ilijiwekea mpango wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030. Chanjo ya kila mwaka ndiyo nguzo ya mpango huo, na chanjo inahitaji mbwa anayeshikika. Kila siku kama ya leo, wapo wakazi wanaofika mikono mitupu na kusema, "Daktari, mbwa wangu hakuja. Hakuna anayeweza kumfunga kamba." Mbwa huyo aliyebaki nyumbani, mkubwa, asiyechanjwa, asiyeshikika, ndiye anayehatarisha mtaa mzima.

Kwa hiyo, leo mkirudi nyumbani na watoto wa mbwa waliochanjwa, msiwabebe njia nzima. Mkifika langoni wawekeni chini, legezeni kamba, pigeni hatua mbili, kisha mngoje. Akija ubavuni, msifuni. Somo la kwanza litakuwa limeisha.

Mstari wa chanjo unaanzia kulia, na watoto watatangulia.