Mlinzi Mwenye Mkia

Mbwa wetu wengi wameajiriwa ulinzi: mchana wamefungwa, usiku wabweke, mshahara ukoko wa ugali na vichwa vya samaki. Lakini mtazame mlinzi huyo jioni, mwenye nyumba anaporudi. Anazijua hatua zake hata kabla geti halijafunguliwa; mkia unazunguka, kiuno kizima kinacheza, na mtu aliyegombezwa kazini kutwa anajikuta anacheka. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana machoni, homoni ya oksitosini, ile inayounganisha mama na mtoto, hupanda kwa wote wawili. Watoto wa mtaani wangewaambia hayo bila maabara. Sasa mlinzi anayetuliza moyo naye apate chanjo ya kichaa cha mbwa kwa wakati, na maji safi kibandani.