Mashindano ya Masafa Marefu ya Pikipiki za Majini: Nani Hulipa, na Hulipia Nini?

Maelezo kwa wakazi wa Kata ya Janga



Chombo kinachozungumzwa hapa ni kile ambacho vijana waliofika Bagamoyo au Kigamboni hukiita jeti-ski, yaani pikipiki ya majini. Hubeba mtu mmoja hadi watatu, wala haina rafadha inayoonekana. Pampu iliyo tumboni mwake huvuta maji kwa chini na kuyafyatua nyuma kwa nguvu; nguvu hiyo ndiyo mwendo, na hiyo hiyo ndiyo usukani. Kwa sababu hiyo, katika mashine nyingi dereva anayeshtuka na kuachia mafuta hupoteza pia uwezo wa kukata kona, na chombo huendelea kule kilikokuwa kikielekea. Atakayeandaa mashindano bila kulielewa jambo hilo atapanga jukwaa la watazamaji mahali pasipofaa.

Huko Marekani michezo hii ni ya miaka mingi. Waendeshaji hutoka Long Beach, California, wakavuka bahari hadi kisiwa cha Catalina na kurudi. Katika ziwa Havasu, Arizona, kuna mbio za kuvumilia za maili 300, takriban kilomita 480, ambazo huendeshwa kwa kuzunguka ziwani. Katika pwani ya Tanzania, mbio za masafa marefu zilizopata kujulikana ni za ngalawa: zile zilizoitwa Ngalawa Cup na baadaye Kraken Cup, zilizoandaliwa na kampuni ya The Adventurists ya Uingereza. Ngalawa huenda kwa upepo, na upepo hauna bei. Pikipiki ya majini inakunywa petroli, na hapo hesabu yote hubadilika.

Tangi la mashine kubwa huchukua lita 70 hivi. Kwa mwendo wa kasi yote, lita hizo huisha kwa muda wa saa moja au mbili. Ichukuliwe mfano wa safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mji Mkongwe wa Unguja na kurudi, karibu kilomita 150. Kila mashine itahitaji lita zisizopungua 100, maana yake haiwezi kurudi bila kujazwa tena. Mashine 20 zitahitaji lita 2,000. Boti sita za uokoaji, kila moja ikiwa na lita 150, zitaongeza lita 900. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 8,700,000 kwa mafuta ya siku moja, kabla ya siku za mazoezi, na kabla ya mtu yeyote kufikiria kikombe. Tena petroli haijazwi ovyo ufukweni. Panahitajika eneo lililozungushiwa uzio, vizima moto, na njia ya kuzuia mafuta yasimwagike baharini, mahali wavuvi wanapotegemea riziki yao.

Gharama ya uokoaji ndiyo inayokatwa kwanza fedha zinapopungua, na ndiyo isiyostahili kuguswa kamwe. Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Nchi kavu ilikuwa ikionekana kwa macho. Katika mkondo wa Unguja haionekani daima, na simu ya mkononi haitegemewi. Boti za uokoaji lazima ziwe na redio za VHF, na kila mshiriki awe na jaketi la kuokoa maisha pamoja na kamba ya mkononi inayozima injini anapoanguka. Idadi ya washiriki ipangwe kwa kufuata idadi ya boti za uokoaji zilizokwisha kulipiwa. Waandaaji wengi hufanya kinyume chake: huandikisha watu kwanza, kisha wakatafuta boti.

Siku nayo ina gharama zake. Wakati wa kusi bahari huchafuka na mashine hurukaruka juu ya mawimbi hadi migongo ya waendeshaji ikaumia. Kaskazi nayo ikivuma kwa nguvu haina huruma. Mabaharia wangeshauri kipindi cha maleleji, tena siku za maji mafu na si za bamvua. Mwandaaji anayetangaza tarehe kwa kuangalia sikukuu tu, bila kuuliza wenye bahari, atalazimika kuahirisha, na kuahirisha maana yake ni kulipia hema, chakula na boti mara mbili.

Nani basi hulipa? Kanda ya Ziwa ina mfano wake katika mashindano ya mitumbwi ya Balimi, yaliyodhaminiwa na Kampuni ya Bia Tanzania. Mpiga kasia hakudaiwa fedha asizokuwa nazo, na wanawake walikuwa na mbio zao. Lakini jina la mashindano likawa jina la bia, na mdhamini mmoja akigeuza bajeti yake ya matangazo hakuna wa kumhoji. Katika Ngalawa Cup mzigo uliwaangukia washiriki wenyewe: timu zililipa ada, na zikahimizwa kuchangisha fedha za hisani. Kwa pikipiki za majini, ambazo mwenye nazo tayari ni mtu mwenye uwezo, njia hii ya pili ndiyo ya haki zaidi. Ada ya mshiriki ilipie mafuta yake, bima yake na sehemu yake ya uokoaji. Mdhamini alipie zawadi na matangazo. Mfuko wa umma usilipie starehe ya mwenye mashine.

Vibali ni kazi ya mwandaaji. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, huhusika na mchezo wenyewe. TASAC huhusika na usalama wa vyombo upande wa Bara. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar huhusika ng'ambo ya pili. Na Mamlaka ya Bandari lazima ikubali, kwa kuwa njia hiyo inapitiwa na meli na boti za abiria.

Lipo swali la Mto Ruvu: kwa nini mbio zisifanyike huku, karibu na nyumbani? Jibu ni hapana, na sababu zake si za kisiasa. Mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 za maji kwa siku, nao hutegemea mto huu. Petroli iliyomwagika juu ya chanzo hicho ingefika katika ndoo za watu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo. Pampu zenyewe zingemeza tope na majani na kuziba. Na humo mna mamba na viboko.

Janga inaweza kuingia kwa upande wa nchi kavu. Mashine hufika kwa matrela, na Barabara ya Morogoro iko karibu. Mafundi wa pikipiki wanaoijua injini wanaweza kujifunza za majini; kina mama lishe wanaweza kupewa zabuni ya chakula; vijana wenye mafunzo ya huduma ya kwanza wanaweza kuajiriwa kwa siku hizo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo, na mkopo hurejeshwa hata mbio zikifutwa kwa sababu ya upepo. Kwa hiyo kikundi kisikope kwa ahadi ya mdomo. Kidai kwanza mkataba ulioandikwa, malipo ya awali, na kifungu kinachosema nani atabeba hasara siku ikiahirishwa. Mkataba huo upelekwe kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata ausome kabla ya kutiwa saini, pamoja na nakala ya bima na orodha ya boti za uokoaji.