Kuhesabu Mamalia, Kuanzia Gatina



Tukiombwa kutaja wanyama wa Kenya, wengi wetu huanza na simba, ndovu na twiga. Orodha ya mamalia wa nchi hii iliyochapishwa mwaka 2019 na Simon Musila wa Makavazi ya Kitaifa pamoja na wenzake ina spishi 390. Kati ya hizo, 106 ni wagugunaji, yaani jamii ya panya na fuko, na 104 ni popo. Jumla 210, zaidi ya nusu. Ndovu ni spishi moja. Anayetaka kuwajua mamalia wa Kenya hana budi kuinama chini, au kungoja giza liingie.

Leo nimemchagua fuko. Gatina yenyewe, hapa Dagoretti jijini Nairobi, imejaa ploti, lakini ukielekea Waithaka na Mutuini bado utakuta vishamba vya viazi, mahindi na nepia, na fuko yumo. Asubuhi unaona vichuguu vya udongo mbichi. Unang'oa shina la kiazi, chini hakuna kitu. Mwenye shamba humwita mtegaji. Mtegaji hufukua mpaka aipate njia, hutia kitanzi ndani, hukifunga kwenye fito aliyoipinda, kisha huziba juu ili mwanga usipenye. Fuko havumilii njia yake kutobolewa. Anakuja kuiziba, anagusa uzi, fito inafyatuka. Mtegaji hulipwa kwa kila fuko aliyenaswa.

Huyo aliyenaswa ni spishi gani? Orodha ya dunia ya mwaka 2005, iliyohaririwa na Wilson na Reeder, iliwagawa fuko wa jenasi Tachyoryctes katika spishi 13, kadhaa kati yake za Kenya. Mwaka 2013 kitabu kikubwa cha mamalia wa Afrika kikakubali mbili tu: fuko mkubwa wa milima ya Ethiopia, na wengine wote wakatiwa kapu moja. Uchunguzi wa DNA uliofuata umeonyesha koo kadhaa zilizotengana, kwa hiyo kapu hilo litafunguliwa tena. Fuko mwenyewe hajabadilika. Anayebadilika ni mwenye kuhesabu, kila apatapo ushahidi mpya.

Ndivyo ilivyo duniani kote. Orodha ya 2005 ilikuwa na mamalia 5,416. Ya 2018 ikawa na 6,495. Katika miaka hiyo spishi 1,251 zilitambuliwa upya, na 172 zikaunganishwa na nyingine. Hata bweha wa dhahabu tuliyedhani ni mmoja na yule wa Asia, DNA ilionyesha mwaka 2015, kwa sampuli za Kenya pia, kwamba ni spishi ya peke yake ya Kiafrika, iliyoachana na mwenzake zaidi ya miaka milioni moja iliyopita.

Ushahidi huo hukaa kwenye droo za makavazi. Ngozi imejazwa pamba na kunyooshwa, fuvu limesafishwa na kutiwa chupani, na mguuni pamefungwa kikaratasi: mahali, tarehe, jinsia, uzito, urefu wa mkia, wa unyayo na wa sikio. Kikaratasi kikipotea, ngozi hiyo haina kazi tena. Mimi naona droo hizo ni mali ya taifa sawa na mbuga, na zinastahili bajeti.

Faida ya kutambua spishi kwa usahihi inafika hadi jikoni. Panya aitwaye Mastomys natalensis hueneza homa ya Lassa Afrika Magharibi. Yupo Afrika Mashariki pia, lakini huku kwetu, kama ilivyobainika Morogoro, ana virusi vya jamii hiyo ambavyo havijajulikana kumwuguza binadamu. Daktari anahitaji kujua panya yupi, wa ukoo upi, kutoka wapi.

Msidhani kazi hii ni ya maprofesa peke yao. Kule Mlima Rungwe, Tanzania, wawindaji walikuwa wakimtaja kima aitwaye kipunji kabla ya mtafiti yeyote kumwona. Alitangazwa mwaka 2005 kwa picha tu, akawekwa katika jenasi isiyo yake. Kisha mmoja akakutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, shambani mwa mahindi. Mwili huo ndio uliowezesha kipimo cha DNA, na mwaka 2006 akapewa jenasi mpya, Rungwecebus.

Kwa hiyo ombi langu kwa watafiti wenzangu ni kwamba tuwatafute wategaji wa Dagoretti, tuwalipe, tuandike nao mahali na tarehe ya kila fuko, na majina yao yaandikwe kwenye vikaratasi. Tufanye hivyo mwaka huu, maana vishamba hivyo vinagawanywa ploti kila msimu, na fuko hachimbi chini ya saruji.