Nyuma ya Lori



Sisi tuliokuja hapa kwa basi kutoka Morogoro tunakikumbuka kilima cha Kitonga. Basi lilijikokota nyuma ya lori la mizigo, kona baada ya kona, na abiria wakipiga kelele, "Dereva, mpite!" Mwenzetu mmoja wa bweni langu alifariki miaka ya baadaye katika gari ambalo dereva wake alizisikiliza kelele za namna hiyo. Ndiyo maana, nilipoombwa kueleza kazi yangu, nilichagua jambo hili.

Dawa inajulikana: kupanua kipande cha barabara, wenye haraka wawapite wazito bila kuingia upande wa wanaokuja. Lakini fedha hutosha kipande kimoja. Kiwekwe wapi? Kiwe na urefu gani? Huwezi kujenga, ukajaribu, ukabomoa. Waaustralia walitunga programu ya kompyuta iitwayo TRARR. Wamarekani wanayo TWOPAS. Unaipa kompyuta vilima, kona na umbali ambao dereva anaweza kuona mbele, nayo inapeleka magari ya kubuni, kila moja na mwendo wake, kila dereva na subira yake. Unairudia safari hiyo mara kadhaa, maana bahati hubadili matokeo, kisha unapima muda ambao madereva wamekwama nyuma ya wenzao. Mwongozo wa Wamarekani wa mwaka 2000 humhesabu kuwa amekwama aliye chini ya sekunde 3 nyuma ya gari la mbele.

Lililonishangaza ni kwamba faida nyingi haimo ndani ya kile kipande. Msururu ukishavunjika, barabara hubaki nyepesi kwa kilomita kadhaa mbele. Kwa hiyo kilomita 1 au 2 mara nyingi zatosha. Kukirefusha sana ni kumwaga lami bure. Zamani nilipima pale kipande kinapoishia tu, nikakiona hakina maana. Nilikosea.

Hata hivyo, vijana, msiiabudu kompyuta. Dereva wa kubuni hapiti mahali asipoona mbele, wala hapigiwi kelele na abiria. Programu hizi hupima kuchelewa, maiti hazihesabu. Ndiyo sababu kabla ya kuiwasha mimi hukaa kando ya barabara na daftari, nikiandika kila anayepita penye kona. Anayetaka kufuatana nami likizo ijayo anione baada ya chakula. Aje na kofia.